Anwani ya Phanice

Phanice alikuwa na kiburi, na hilo hata yeye angekuambia. Alipoondolewa kwenye uongozi wa kwaya kanisani kwao Kibera, alimfokea katibu, Mzee Murunga, mbele ya watu wote. Kisha akafunga virago, akahamia Kawangware, akaapa hatakanyaga pale tena. Wee! Kuapa ni rahisi. Alisahau kwamba anwani yake ilikuwa ya kanisa.

Maana mtu wa kupanga chumba cha mabati, posta itamletea barua wapi? Nyumba haina namba, kichochoro hakina jina. Waumini wote walitumia sanduku moja la posta, la kanisa, na ufunguo ulikaa kwa Murunga. Kila Ijumaa alilifungua. Jumapili, baada ya matangazo, alisoma majina, na mwenye barua akaitika, akaenda mbele kuichukua. Hakumpa mtu barua ya mwenzake, hata ungemlilia.

Sasa Phanice alikuwa akingoja barua ya chuo cha uuguzi, huko kwao magharibi. Usiporipoti siku uliyopangiwa, nafasi anapewa mwingine. Akiwa anafua nguo za watu, aliifuata barua hiyo kwa mawazo: imegongwa muhuri, imetiwa guniani, imepanda gari la posta hadi Nairobi, imechambuliwa, imefika Kibera, imetumbukizwa sandukuni. Hapo safari ilimfikia Murunga, ikakwama.

"Si uende tu ukaichukue?" rafiki yake Daisy alimwambia.

"Nikamwangukie yule mzee? Zii!"

"Shauri yako. Barua haijui mligombana. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jumapili iliyofuata akainama. Alifika ibada ishaanza, akaketi benchi la nyuma kabisa, leso ameishusha hadi kwenye nyusi. Aliogopa kuchekwa kuliko alivyoogopa kukosa chuo.

Murunga akavaa miwani. "Nashon Osewe." Akaitika. "Seline Wangila." Akaitika. "Phanice Nasipwondi."

"Hayuko!" kanisa zima likajibu kwa pamoja, bila hata kugeuka, kama watu wanaoitikia sala.

"Basi tutamsoma tena Jumapili ijayo," Murunga akasema, akairudisha bahasha kwenye mfuko wa koti. Pembe zake zilikuwa zimeshachakaa.

Jumapili ngapi wamemjibia hivyo? Phanice aliona aibu, kisha akaona uchungu, machozi yakamtoka. Akasimama.

"Niko, mzee."

Vichwa vyote viligeuka. Hakuna aliyecheka. Akapita katikati ya mabenchi hadi mbele, akaipokea bahasha kwa mikono miwili, akaipasua palepale. Alikuwa amepata nafasi. Kuripoti ni Jumatano.

"Jumatano hii?" Murunga akauliza.

"Hii, mzee. Nisamehe."

Murunga alitoa kalamu, akafungua daftari lake la majina.

"Nipe anwani ya huko chuoni, mwanangu," akasema. "Zikija nyingine, nitazirudisha posta zikufuate."