Mtoto Ambaye Khavere Hakumwosha

Ni nani huyu: alinyimwa kazi, hakuifanya, akasifiwa kwa kuifanya, kisha akalaumiwa kwa kuifanya vibaya? Usikimbilie kujibu. Vuta kiti kwanza, maana jibu lenyewe linaishi mtaa wa Tena, ghorofa ya pili, mlango wenye pazia la maua, na jina lake ni Khavere.

Watu wa Tena walimjua kwa mambo mawili. La kwanza ni mboga za kienyeji alizouza getini, mrenda na sagaa, zimechambuliwa hata hupati kijiti. La pili ni watoto wachanga. Mama akirudi kutoka hospitali, kabla hajavua viatu, tayari mtu ametumwa: mwiteni Mama Caleb aje aoshe mtoto. Khavere anakuja na mafuta yake na leso yake, ananyoosha miguu sakafuni, anamlaza mtoto juu ya mapaja. Anamkanda mgongo, anamkunjia mikono kifuani kama mtu anayefunga mzigo, anamvuta vidole kimoja kimoja, na wakati huo wote anaimba. Mtoto akipiga kelele, wanawake waliojaa mlangoni wanacheka kwamba huyu ana mapafu ya kuhubiri. Wengine wanasema kwa siri kwamba mtoto ambaye hakuoshwa na Khavere hukua akitembea kama anayetafuta sindano.

Basi fikiria alivyongoja wa kwake. Mwanawe Caleb, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amemwoa Shiku, msichana wa watu wa Murang'a, mpole, mwenye kusoma kila kitu kwenye simu. Mimba ilipokua, wakachagua kliniki ya kibinafsi ya hapo karibu, yenye vigae vyeupe na sista mwenye sauti kama asali. Shiku aliumwa uchungu usiku kucha na nusu ya siku. Mtoto alikuwa mkubwa. Kichwa kilitoka, mabega yakakataa. Daktari hakuwepo, alikuwa kwenye simu, anaambiwa, anajibu, anaambiwa tena. Sista akashika kichwa akavuta. Hatimaye Sally akazaliwa, kilo nne na ushee, na kila mtu akamshukuru Mungu na sista, kwa mpangilio huo.

Khavere alikuwa ameshapasha maji. Beseni jipya, sabuni isiyo na harufu, mafuta. Shiku alipoingia na mtoto, mama mkwe akanyoosha mikono.

"Mama, usikasirike," Shiku akasema, akimkumbatia mtoto zaidi. "Sista amesema asioshwe mpaka kitovu kianguke. Pia amesema tusiwape watoto akina shosho, nyinyi mabibi, ati mnawavunja mikono."

Khavere hakukasirika. Alisema sawa mama, sista amesoma. Akabeba beseni lake akaingia bafuni akafunga mlango.

Sasa, wewe unazijua hizi nyumba zetu. Ukuta wa bafu la Khavere ndio ukuta wa bafu la Mbeti, na ukipiga chafya upande huu, upande ule wanakuombea afya. Mbeti alikuwa rafiki yake wa miaka na mweka hazina wa chama chao cha akina mama, na tangu asubuhi alikuwa ametega sikio. Khavere aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa. Aliona aibu inakuja kutoka upande wa pili wa ukuta kama harufu ya kitu kinachoungua. Mwosha watoto wa Tena nzima amenyimwa mjukuu wake mwenyewe! Akatia mkono majini. Akachapa. Akamwaga, akachota, akachapa tena. Halafu akaanza kuimba wimbo wake wote, beti zote, akiosha beseni tupu.

Jioni wanawake walipomjia getini kumpongeza, alisema amemnyoosha yule mpaka vidole vya miguu. Mbeti akathibitisha kwamba alisikia kwa masikio yake. Wakanunua mboga zote.

Mkono wa kulia wa Sally haukusogea. Ulining'inia ubavuni, kiganja kimegeukia nyuma, kama wa mtu anayepokea kitu kwa siri. Shiku alikuwa ameuona hivyo tangu walipokuwa kliniki, na sista alimwambia mtoto ameulalia, utaamka. Wiki zikapita, mkono haukuamka. Wakaenda hospitali kubwa ya serikali, na daktari mmoja kijana akamgeuza Sally pole pole, akauliza alizaliwaje, na nani alimvuta. Akawaeleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka shingoni kwenda mkononi ilivutwa wakati wa kuzaliwa, kwamba mingine hurudi na mingine hairudi, na kwamba mazoezi yaanze mara moja. Alipoandika ripoti alikaza kalamu sana.

Caleb alitaka kwenda kliniki na chuma. Shiku akampeleka kwa wakili.

Wakili Gichuru alikuwa na ofisi Buruburu, juu ya duka la rangi, na alikuwa na tabia ya kuongea na mtoto badala ya wazazi. Alimweleza Sally njia zake. Unaweza kupeleka malalamiko kwa baraza linalosimamia hospitali na madaktari, akamwambia. Hao hawakulipi, lakini wanaweza kusema ni nani alikosea, na neno lao lina uzito. Unaweza kwenda mahakamani kudai fidia, na kwa kuwa huwezi kula kiapo, mama yako atashtaki kwa niaba yako. Unaweza pia kuketi nao mkapatana, lakini usipatane na mtu ambaye bado anasema hukuumia. Sheria inampa mtoto muda mrefu wa kushtaki kuliko mtu mzima; ila faili hupotea, na masista huenda kufanya kazi Uarabuni, kwa hiyo tuombe faili leo. Sally alimsikiliza vizuri. Wakaanza na baraza.

Jibu la kliniki lilipokuja, Gichuru aliwaita wote watatu, Khavere naye, na safari hii hakuongea na mtoto. Kliniki ilisema Sally aliondoka kwao akiwa mzima. Ilisema mkono uliumizwa nyumbani na bibi yake, anayejulikana mtaani kote kwa kuvuta watoto viungo, na ambaye siku ileile alijisifu mbele ya mashahidi kwamba amemnyoosha mpaka vidole vya miguu.

Wameyajuaje? Ni hivi. Sista mwenye sauti ya asali alikuwa amekuja Tena kuwapima akina mama wa chama presha bila malipo. Akiwafunga kitambaa mkononi, akauliza tu, kama mtu anayepitisha wakati, ni nani mjuzi wa kuosha watoto hapa. Wakamwambia wote kwa pamoja. Mbeti aliongeza wimbo.

Caleb alimtazama mamake tu, na hilo ndilo lililomchoma Khavere, maana Caleb ni mtu wa kelele. Shiku ndiye aliyeongea, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyesahau alichokiona kliniki.

"Mama, ile siku nililala kidogo baada ya chai. Ulimchukua?"

Mtu anaweza kuishi miaka mingi bila kuulizwa swali ambalo jibu zuri na jibu baya yote yanamvua nguo. Khavere aliwaeleza yote: beseni, ndoo, kuchapa maji, beti zote za wimbo. Gichuru aliacha kuandika. Caleb akafunika uso, na mabega yake yakatikisika, na mpaka leo hakuna anayejua kama alikuwa analia au anacheka.

"Utayasema hayo mbele ya kamati ya baraza?" wakili akauliza.

"Mbele ya kamati nitasema."

"Na mbele ya Mbeti? Kliniki imemwita awe shahidi wao."

Kamati ni watu wa tai, hawanunui mboga kwake. Lakini Mbeti!

Alijaribu kumtayarisha. Alimpelekea sagaa, akamwambia dada, nina jambo, yule mtoto sikumwosha kamwe. Mbeti alimtazama kwa huruma nyingi. Aliona wazi kwamba wakili amemfundisha rafiki yake kusema uongo ili kesi ipite, na roho ikamuuma kuona mwanamke mwenye kipaji analazimishwa kujikana. Alimwambia asiogope, atamtetea. Kazi ya mikono yake haina doa, na akina mama watakuja wote kuilinda. Khavere alisema tena, polepole, kwamba aliosha beseni. Mbeti akamshika mkono akasema shetani ni mwongo.

Siku ya kusikizwa walikuja kweli, wamevaa vitenge vya chama, vya kijani, wakajaza viti vya nyuma. Walikuja kumtetea Khavere, na kila walivyomtetea ndivyo walivyomzamisha. Wakili wa kliniki, mwanamume wa viatu vinavyong'aa, hakuhitaji hata kuuliza sana. Mbeti alisimama akasema Khavere ameosha watoto wa Tena wote, kwamba alimwosha Sally siku ya kwanza, kwamba yeye mwenyewe alisikia maji na wimbo.

Mwenyekiti wa kamati, mama mmoja daktari wa miwani mizito, akamuuliza kama alimwona mtoto akioshwa.

"Sikumwona," Mbeti akasema, amekunja uso. "Lakini Mama Caleb ndiye alisema. Na Mama Caleb hasemangi uongo."

Nyuma wakaitikia kama kanisani.

Khavere alipoitwa, alienda akasimama mbele. Mbele yake Sally alikuwa kwenye mapaja ya Shiku, anachezea kifungo cha nguo kwa mkono mmoja, ule mwingine umelala kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Khavere aliutazama mkono huo. Hakutazama nyuma.

"Sikumwosha," alisema. "Nilinyimwa. Nikaona aibu, nikaingia bafuni nikachapa maji kwenye beseni tupu, nikaimba, ili jirani asikie. Halafu nikawaambia nimemwosha. Nilisema uongo."

Viti vya nyuma vikalia.

Wakili wa kliniki akatabasamu. Akauliza basi yeye ni mwongo. Khavere akasema kwa majirani, ndiyo. Akauliza kamati itajuaje kama si mwongo leo pia, na ni bibi gani wa Kiafrika anayekataa kumgusa mjukuu wake wa kwanza siku ya kwanza. Swali hilo alilipenda, akalirudia akiigeukia kamati.

"Hakukataa," Shiku akasema kutoka alipoketi, bila kuitwa. "Mimi nilimkataza. Sista aliniambia akina shosho wanavunja watoto mikono."

Mwenyekiti alimtafuta sista kwa macho. Akamuuliza kama aliyasema hayo. Na sista akasimama wima, sauti tamu kama siku zote, akaona hapa ndipo pa kuonyesha kazi yake nzuri. Ndiyo, alisema. Kila mama anaambiwa kabla ya kuondoka. Wakunga wa mitaani wanaharibu watoto. Na anashukuru kwamba wateja wao ni wasikivu, Shiku hasa, hajawahi kuona mama anayefuata maagizo kama yule.

Viatu vinavyong'aa vilijaribu kumkanyaga chini ya meza, lakini alikuwa mbali.

"Kwa hiyo alifuata," mwenyekiti akasema. "Sasa tuambie, mabega yalipokwama, wewe ulifuata maagizo ya nani?"

Sista alisema ya daktari. Daktari alikuwa wapi? Kwenye simu. Simu ilikuwa inashikwa na nani? Sista akafikiri. Akasema ilikuwa kwenye spika, juu ya dirisha. Na aliyekuwa anamvuta mtoto? Hapo asali ikaisha.

Uamuzi ulikuja miezi baadaye. Baraza lilisema mtoto alivutwa kwa nguvu isiyofaa, na kwamba kliniki haikuwa na mtu wa kushughulikia uzazi wa namna ile wala haikumpeleka mama kwingine kwa wakati. Kuhusu bibi, lilisema halikuona kwamba alimgusa. Gichuru alipeleka kesi mahakamani akiwa na karatasi hiyo juu ya nyingine zote, na alimwambia Sally, ambaye sasa anaketi mwenyewe, kwamba watangoja, lakini wanangoja wakiwa wamesimama pazuri. Kiwiko cha Sally kimeanza kujikunja. Bega bado. Shiku anampeleka mazoezi na Caleb anambeba.

Mtaa wa Tena haukuikasirikia kliniki sana. Kliniki ni kliniki. Ulimkasirikia Khavere. Amekana kazi yake mbele ya daktari wa miwani, akiwa na wenzake wamevaa vitenge vipya! Watoto wawili walizaliwa ghorofa ya tatu, hakuna aliyetumwa kumwita. Mrenda ulikuwa unabaki mpaka jioni, unanyauka. Khavere aliufunga akaupika mwenyewe.

Mbeti ndiye wa kwanza kurudi getini. Alisimama akichambua mafungu ambayo hayahitaji kuchambuliwa. Mjukuu wake, Owen, alikuwa shule ya chekechea sasa, na alikuwa ameoshwa na Khavere, kwa sherehe kubwa.

"Nataka kukuuliza, na uniambie ukweli," Mbeti akasema. "Owen wangu. Yeye ulimwosha?"

"Mbeti. Wewe ndiwe ulishika taulo."

Mbeti alifikiri sana, fungu la sagaa mkononi.

"Niliishika," alisema mwishowe, bila uhakika wowote, akalipa na kwenda zake.