Ushuhuda Mbele ya Meza ya Beji

Ulipita. Usikatae. Ulipita mlango wa nyuma, Biblia kwapani, macho chini kama aliyeangusha sindano. Ibada ilikuwa imepitiliza, kama kawaida yetu, na wauza kumbukumbu za vita wanaotumia ukumbi ule wa Lewisham, huku Uingereza, baada yetu wakachoka kungoja. Tukiwa kwenye maombi ya mwisho wakaanza kupanga bidhaa zao: beji za marubani wa Hitler, tai wa chuma wenye swastika kuchani, juu ya meza tuliyotoka kugawia mkate.

Kamande, anayetupangia viti, hakupita. Guka yake, yaani babu yake, alichimba mitaro jangwani Libya kwa ajili ya Mwingereza. Ndege za marubani hao zilimrudisha Nyeri na mguu mmoja, na mpaka anazikwa watu walimwita Nusu.

"Toa hizo hapo," alimwambia mwenye meza, mzee aitwaye Ian.

"Ni historia tu, rafiki yangu. Nakusanya, siabudu."

"Basi usikusanyie madhabahuni."

Pasta Wambui akamvuta shati. "Kamande, wacha. Tukifukuzwa hapa tutaenda kuimbia wapi, kwa kituo cha basi?"

"Huko ni sawa, Pasta. Basi huchelewa kutushinda."

Hakuna aliyecheka. Ian alikuwa ameshamwita msimamizi wa ukumbi, naye akaja akitikisa funguo. Kamande akavuta kiti, akaketi mbele ya beji, magoti yakigusa meza.

"Ushuhuda haujaisha," alisema. "Bwana asifiwe."

Unajua jibu lake. Hata mtoto wa miaka mitatu analijua. Lakini ukumbi ulinyamaza, na mlango wa nyuma ukaendelea kufunguka na kufungwa, kufunguka na kufungwa.

Alishuhudia peke yake. Alimtaja Nusu, akautaja mguu. Ian aliyekuwa akifuta beji kwa kitambaa aliacha kufuta, ila hakuiondoa.

Msimamizi akasikiliza mpaka mwisho. "Akilalamika mmoja, huo ni ugomvi wake," alisema. "Wakilalamika wote, meza zitahamia ukumbi mwingine. Jumapili nitakuja kuangalia. Nikikukuta peke yako tena, hutakanyaga hapa."

Jumapili ni keshokutwa. Kamande atakuja, namjua. Wewe nakujua pia, na mlango wako naujua. Safari hii usiupite. Beba kiti, kiweke kando ya chake, ukae. Na akisema Bwana asifiwe, fungua kinywa umjibu.