Kocha Aliyenipa Mgongo

Mimi sina ugomvi na mila. Nilitolewa mahari, nilimzika mume wangu kwa heshima, na Siakago nzima inajua Marcella si mtu wa kudharau wazee. Lakini jamani, mila nayo ingengoja kwanza nirudi kutoka Moroko.

Huko Moroko, mwezi wa sita mwaka huu wa tisini na nane, kuna mashindano ya kuogelea ya watu wa dunia nzima. Si ya vijana. Ni ya watu wa rika langu, wenye magoti yanayolia. Mimi nilijifunza kuogelea katika Mto Tana kule Kiambere, kabla bwawa halijajengwa, na nilipostaafu uuguzi nikasema sasa nitaogelea mpaka nichoke mwenyewe. Kila Jumamosi nikawa naenda Meru, kwenye hoteli moja nyuma ya Makutano yenye kidimbwi cha kuogelea. Hapo ndipo nilipompata Mutwiri, kijana anayefundisha watoto wa shule, akakubali kunifundisha na mimi.

Shida yangu ni macho. Nikivua miwani sioni hata kiganja changu, na mtindo wangu ni kuogelea chali. Kwa hiyo Mutwiri hutembea kando ya maji akiniita: Mama Wawira, kushoto kidogo, Mama Wawira, ukuta huo. Bila sauti yake napinda kama mlevi anayetafuta kwake. Wenye mashindano walikubali nije naye, aniite vivyo hivyo. Safari ikapangwa, yangu na yake. Kwa mawazo nilikuwa nimeshafika.

Kumbe mimi nikihangaika majini, yeye anamtazama Wawira, binti yangu, aliyekuwa akinisindikiza na kunishikia taulo. Mwezi wa nne wazee wa Mutwiri wakatoka Meru na mbuzi na asali, wakakaa kwangu wakazungumza, na ndugu yangu Njuki akawapokea. Nilifurahi. Nilipika mpaka moshi ukanitoa machozi, nikacheka na wageni, mjinga mimi.

Jumamosi iliyofuata nilitoka kubadilisha nguo, Mutwiri akageuka haraka akatazama ukuta wa jiko la hoteli.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Mama," akauambia ukuta, "sasa wewe ni mama mkwe."

"Magoti haya umeyaona miaka miwili, Mutwiri."

"Wakati huo tulikuwa hatujaleta mbuzi."

Kwetu mkwe na mama mkwe hupishana njiani wakitazama chini. Hawali meza moja, sembuse mmoja kumwona mwenzake amevaa kijinguo cha kuogelea. Najua, na Wawira nilimlea hivyo hivyo. Nikaenda kwa Njuki nikamwambia atafute njia, maana mzee hakosi njia. Nikamkumbusha kwamba maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Njuki akamaliza chai yake yote, kisha akasema waliosema hayo hawakuwa na mkwe aliyesimama kando ya maji.

Basi Mutwiri, na adabu yake hiyo itakayoniua, akaja na shauri. Atanipa mgongo, asikilize maji, aniite kwa masikio. Nikakubali, ningefanyaje? Wawira akakaa kitini na taulo. Nikalala chali, nikaanza kupiga mikono.

"Kulia kidogo, Mama," mgongo ukasema.

Nikaenda kulia.

"Endelea."

Nikaendelea, na kichwa kikakutana na ukuta.

Mutwiri aliruka majini na viatu vyake. Akanishika kwapani, akanivuta mpaka kwenye ngazi, macho ameyafumba muda wote, tukaigonga ngazi nayo. Nikamwambia afumbue macho. Akasema hawezi, nimsamehe, na alikuwa analia. Hasira niliyokuwa nayo, hata kidonda sikukisikia. Ningekufa pale, na heshima zangu zote.

Alipokwisha kuvaa nguo kavu alirudi akasimama nyuma ya nguzo. Akasema Moroko haendi. Kunitazama hawezi, na kuniua hataki. Nikamwambia basi angeyafikiria hayo kabla ya kutuma wazee wake. Akaenda zake.

Wawira alikuwa akinifunga kitambaa kichwani.

"Mama," akasema, "nikimkataa, si atarudi kuwa kocha tu?"

Mama yeyote angemkataza hapo hapo. Mimi nilinyamaza. Nilikuwa naiona Moroko, nayaona yale maji, na nilitaka kwenda, nilitaka sana. Nilipofungua mdomo nimwambie asithubutu, yule ni mume mwema, mikono ya Wawira ilikuwa imeshatoka kichwani mwangu.

"Wawira, mwanangu, hapana. Sikuwa na maana hiyo."

"Nimeona, Mama."

Akavua viatu, akaenda kusimama kwenye ukingo wa kidimbwi. Wawira anaogopa maji tangu utotoni, hata mto wenye maji ya kifundo hauvuki bila kushikwa mkono. Alisimama pale, vidole vya miguu vimeng'ang'ania ukingo.

"Moroko nitakupeleka mimi," akasema. "Nifundishe kuita."

Aliyasema hayo akiyatazama maji. Mimi hakunitazama.