Mpangaji Asiye na Majani

Mimi Mwanatabu nina hasira za karibu, na hilo sijapata kulificha. Likoni nzima wananijua. Lakini hasira zangu za Ijumaa ile ya mwaka sitini na mbili nusura zimvunjie mwanangu ndoa, na nikikumbuka mpaka leo natoka jasho.

Mume wangu Ishaka alikuwa mkwezi. Mashamba ya minazi kuanzia kwetu mpaka Mtongwe, yeye ndiye aliyeangua nazi. Sasa mtu anayeshinda juu ya miti huona mambo tusiyoyaona sisi wa chini, naye aliona maua. Maua yasiyojua ardhi, yanayokaa juu ya matawi, mizizi yao ikining'inia hewani. Akayaleta nyumbani moja baada ya jingine, akayafunga kwenye makumbi ya nazi, akayatundika ukuta mzima wa banda langu la jikoni. Lilikuwako la manjano lenye madoa ya chui. Lilikuwako jeupe kubwa alilolibandua kwenye mawe ya ufukweni, nusura avunjike shingo. Akayaita wapangaji.

"Hawaunyonyi mti, Mama Mwanarehema," huniambia. "Wamekaa tu kwa heshima zao."

"Mpangaji hulipa kodi," namjibu. "Hawa wananilipa nini?"

Hucheka tu, akaendelea kuwanyunyizia maji. Mwaka ule wanaume wote barazani walikuwa wakibishana kama Mwambao ubaki kwa Sultani au uungane na Kenya. Wangu alikuwa akiangalia juu ya miti.

Kuna mpangaji mmoja Ishaka alimtafuta miaka mitatu. Huyo hakuwa na majani hata moja, alikuwa mizizi mitupu, kishada cha mizizi ya kijivu kilichosokotana, na maua yake madogo, madogo kabisa. Ishaka alikuwa amemwona mara moja tu, zamani, kwenye mkwaju mmoja huko Kisauni. Aliporudi kumtafuta, mkwaju ulikwisha katwa, pamejengwa nyumba. Basi akaanza kuzunguka. Leo Mikindani, kesho Mishomoroni. Kila siku asiyokwea, huyo na baiskeli yake, anavuka feri, anapita mjini, anavuka daraja la Nyali, maji mawili hayo kwa ajili ya gugu! Jioni anarudi na vumbi mpaka kwenye kope, mikono mitupu. "Inshallah, siku nyingine," anasema.

Na mimi kwetu ni Kisauni. Miaka ishirini na tatu nimeolewa Likoni, na kila nikimwambia nipeleke nikawaone ndugu zangu, ana kazi. Hebu niambie, ungekuwa wewe usingeudhika?

Sasa sikiliza ya posa. Binti yangu Mwanarehema alikuwa ameshavunjikiwa uchumba mara moja, bila kosa lake, na unawajua watu. Maneno yalikuwa hayajapoa. Akatokea Rashid, kijana wa Mtongwe aliyekuwa akifanya kazi Changamwe, na mwanangu akampenda. Nililijua hilo kwa namna mwanangu alivyokuwa akiimba anapotwanga. Rashid alilelewa na shangazi yake, Bi Mwanasaumu, na neno la Bi Mwanasaumu ndilo neno. Akasema atakuja na wazee wawili, Ijumaa baada ya sala, waseme yao. Kijana mwenyewe, kwa desturi yetu, huja nao lakini haingii. Hungoja nje mpaka aitwe.

Alhamisi, siku moja kabla, baba watu hayuko. Yuko Bamburi! Rafiki yake Tsuma, aliyekuwa akifyeka pori kwenye machimbo ya mawe, alimpelekea habari kwamba kuna mti watauangusha, na juu yake kuna kitu kama kiota kilichofumuka. Ishaka akarudi jioni na kikapu amekikumbatia utadhani amebeba mtoto mchanga.

"Nimempata," akasema. Machozi yalikuwa yakimlengalenga, wallahi.

"Umempata nani? Na wageni kesho wakae wapi? Mkeka wa barazani umetoboka!"

Asubuhi ya Ijumaa akaniambia anakwenda kuwaangulia wageni madafu, kisha atapitia msikitini. "Nifungie mpangaji kwenye ule mti wa mkanju wa langoni. Upande wa nje, usawa wa macho. Usumba, zile nyuzi za makumbi, nimeuroweka uani. Usikaze sana."

"Langoni? Mbele ya wageni? Mizizi mikavu?"

"Langoni," akasema, na akaondoka.

Nilikuwa nikinyonyoa kuku. Nilikuwa na kuku wawili, wali haujateguliwa, nazi haijakunwa, na mtu ananipa kazi ya magugu. Nikainuka na mikono yangu hivyo hivyo, damu na manyoya. Kwenda uani kuufuata usumba sikutaka. Nikapasua upapi wa kaniki yangu kuukuu niliyojifunga, nikamshindilia yule mpangaji kwenye mkanju. Akateleza. Nikapiga fundo. Akateleza tena. Nikapiga jingine, na kila fundo na tusi lake, mpaka yakawa saba. Kisha nikammwagia maji ya kuoshea mchele, maana najua mwenyewe angeuliza kama nimemnywesha. Nikarudi kwa kuku wangu roho imetulia.

Wewe unayenisikiliza umeshaona. Mimi sikuona. Kitambaa cheusi, mafundo saba, mizizi, damu, nyoya la kuku limeganda juu, na michirizi myeupe mpaka chini ya shina. Langoni mwa mtu! Ukimwambia mganga akutengenezee kago la kulinda nyumba, hatalitengeneza vizuri kuliko lile.

Ishaka alirudi kwa njia ya nyuma na madafu yake, akaoga, akavaa kanzu, akakaa barazani. Mimi nilikuwa dirishani na Mwanarehema. Tukawaona wanakuja. Bi Mwanasaumu mbele, wazee wawili, na Rashid nyuma yao kanzu imepigwa pasi mpaka inang'aa. Mwanarehema akanishika mkono.

Wakafika langoni, wakasimama. Mzee mmoja akarudi nyuma hatua mbili. Bi Mwanasaumu akainamia mkanju, akatazama, akakusanya buibui lake lisiguse kitu. Kisha akamshika Rashid mkono, wakageuka. Kijana alikuwa akiangalia nyuma, hajui limezuka nini. Wakaenda zao bila hata kupiga hodi.

Jirani yetu Nyamvula, ambaye mlango wake unatazamana na lango letu, alikuja mbio. "Mwanatabu, mwenzangu, nyinyi mmemtegea nani? Bi Mwanasaumu anasema haozi nyumba yenye kago mlangoni. Anasema sasa amejua yale mazagazaga ya ukutani ni ya nini. Mumeo mchawi!"

Mwanarehema hakupiga ukelele. Alikaa chini pale pale sakafuni, akajifunika leso usoni. Ningependa angepiga ukelele.

Ishaka alikwenda langoni. Nikamfuata. Akatazama kile kitambaa cheusi, akatazama kaniki yangu ilivyopasuka. Alijua, angekosaje kujua? Alifungua mafundo yote saba, moja moja, taratibu asiuvunje mzizi, akamweka mpangaji kikapuni pamoja na kitambaa chake. Kisha akaita, "Mwanarehema!"

"Abee, baba."

"Niletee kiberiti, mwanangu."

Akasema atampeleka mpangaji Mtongwe, amchome mbele ya Bi Mwanasaumu, aone kwa macho yake. Miaka mitatu ya kutafuta! Na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama anayesema anakwenda dukani. Hapo ndipo nilipojiona nilivyo. Ee Mola, kikulacho ki nguoni mwako, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni mwa mtu huyu.

"Humchomi," nikasema. "Anayechoma kago amekiri kuwa alikuwa nalo. Ukiwasha huo moto umejitangaza mchawi mpaka unakufa, na mwanao ni mtoto wa mchawi. Nipe hicho kikapu."

"Utakwenda kusema nini?"

"Nitakwenda kusema kweli. Mficha uchi hazai."

Nikatupia buibui juu ya kaniki ile ile, nikashika njia. Kutoka kwetu mpaka Mtongwe ni mwendo, na jua lilikuwa la saa tisa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, na nilipofika yote yakaniruka.

Bi Mwanasaumu alikuwa kibarazani akisuka ukili wa mkeka. Nikapiga hodi nje ya ua.

"Shikamoo, Bi Mwanasaumu."

"Marahaba. Hicho kikapu kisivuke hapo."

"Hakivuki. Nisikilize tu, kisha unifukuze." Nikafunua buibui, nikatoa upapi wa kaniki, nikaulinganisha na pale ulipopasukia. Ukakaa sawasawa, uzi kwa uzi. "Hakuna mganga hapa, mama. Ni mimi. Hili ni ua la mume wangu, aliniambia nilifunge langoni kwa usumba, nikalifunga kwa hasira. Hii damu na hili nyoya ni vya kuku wenu, nilikuwa nikimnyonyoa. Haya maji meupe ni ya mchele wenu."

"Na mafundo saba?"

"La kwanza la feri. La pili la daraja la Nyali. La tatu mkeka uliotoboka. La nne..." Na hapo, sijui nini kilinipata, nikaanza kulia. "Nilikionea wivu, Bi Mwanasaumu. Nakionea wivu kigugu. Miaka mitatu anavuka maji mawili kwa ajili yake, na mimi kwetu ni huko huko Kisauni, hanipeleki."

Kisha nikasikia kitu, nikadhani anakohoa. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka ukili ukamdondoka, akajifuta macho kwa ncha ya leso.

"Marehemu mume wangu alikuwa na njiwa," akasema. "Njiwa arobaini. Siku moja niliwafungulia wote, nikamwambia ni paka. Lete hicho kikapu."

Akatia mkono mwenyewe, akamgeuza mpangaji huku na huku, akamleta karibu na macho. Katikati ya mizizi vilikuwamo vitumba, vidogo kama chembe za mchele. Mimi nilikuwa hata sijaviona.

"Kago halitoi maua," akasema. "Lakini niambie, Mwanatabu. Kwa nini alitaka liwe langoni? Na kwa nini siku yetu?"

"Sijui, mama."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Miaka mitatu, hukumuuliza! Haya, nenda kamuulize. Sisi tutakuja Jumapili, na kuku nawataka wengine kama wale, usiwape mtu."

Alhamdulillahi! Nilirudi Likoni sikumbuki nimepita wapi. Nikajikuta nacheka njiani peke yangu, watu wakinipisha. Mwanarehema alinisoma usoni kabla sijafungua mdomo, akanirukia shingoni, nusura tuanguke na kikapu na mpangaji ndani yake.

Ishaka alikuwa barazani, bado na ile kanzu. Nikakaa karibu naye.

"Wanakuja Jumapili," nikasema. Akafumba macho, akapumua. "Baba Mwanarehema, kwa nini langoni?"

Alifikiri namtania. Alipoona simtanii, akasema, "Ule mkwaju wa Kisauni ulikuwa wa baba yako."

Baba alipofariki nyumba yetu iliuzwa, na wenye kununua walikata mkwaju. Nalijua hilo. Lakini Kisauni imejaa mikwaju, ningejuaje?

"Siku niliyokuja kukuposa," akasema, "wazee waliingia, mimi nikangoja nje. Wallahi nilitaka kukimbia. Nikaegemea mkwaju, nikaangalia juu, nikaona yale maua madogo madogo. Nikaanza kuyahesabu. Nilikuwa nimefika sitini na moja walipotoka kuniambia nimepewa." Akapapasa ukingo wa kikapu. "Nilitaka na Rashid akingoja awe na kitu cha kuhesabu."

Miaka ishirini na tatu! Mwanamume huyu! Nilitaka kumpiga, nilitaka kumkumbatia, na nilivyo mimi nikamgombeza. Nikamwambia hivi mtu ana mdomo wa nini. Kisha nikaenda uani mwenyewe, nikaleta usumba, nikamfunga mpangaji kwenye mkanju, fundo moja, bila kukaza. Ishaka alisimama nyuma yangu akasema imekaa vizuri.

"Na Jumamosi ijayo," nikasema bila kugeuka, "tunakwenda Kisauni."

"Tunakwenda," akasema.

Jumapili walikuja. Bi Mwanasaumu alisimama langoni, akalikagua lile fundo, akapiga hodi, na karibu niliyomwitikia ilimtoa Nyamvula nje. Wazee wakaingia, Ishaka akawakatia madafu. Mwanarehema na mimi tukarudi dirishani kwetu.

Rashid alibaki nje. Alisimama, akaishikashika kofia yake, akasimama tena upande wa pili. Kisha akaegemea mkanju, na macho yake yakaangukia pale. Vitumba vingine vilikuwa vimeshafunguka.

"Mama, anafanya nini?" Mwanarehema akaninong'oneza. "Midomo inamcheza. Anasoma dua?"

"Anahesabu," nikamwambia, na nikakimbilia jikoni asinione ninavyolia.