Wasifu wa Dokta Aristides

Dokta Aristides alifariki Jumatano asubuhi, katika chumba cha uani alichopanga kwa Klara na mumewe Severine, Mtaa wa Msimbazi. Alikuwa Mgoa aliyezaliwa hapahapa Dar es Salaam, akaondoka kijana kwenda kusoma Bara Hindi. Aliporudi, mwaka 1956, alikuwa mzee mjane mwenye kifua kibovu, hana mtoto, na nyumba ya wazazi wake ilikuwa imevunjwa zamani.

Huko alikokuwa aliongoza vituo viwili vikubwa vya kutazamia nyota. Alipoulizwa kazi yake alijibu hivyohivyo, bila kujikweza. Kariakoo wakamwelewa kwa namna yao, wakamwita mnajimu. Watu wakaanza kupiga hodi: huyu anataka ajue nyota yake kabla hajafungua duka, yule anataka atajiwe mwizi wake. Dokta aliwakaribisha, akawaambia mambo hayo hayajui, akawarudisha. Wengine waliondoka wakiamini anawabania.

Jina hilo likamfuata hata baada ya kufa. Katekista Pius alikuja kupanga mazishi, akaketi mkekani, akakataa chai.

"Mama Celina," alimwambia Klara, "nasikia marehemu alikuwa akipiga ramli. Padri ameniagiza niulize. Kama ni kweli, kanisani hatuwezi kumpeleka."

Severine aliinamisha kichwa. Yeye na Dokta walijuana kwa salamu tu. Klara ndiye aliyemwuguza tangu masika, akimpikia uji na kumgeuza kitandani. Uani walijaa wanaume, na hakuwahi kusema mbele yao. Alitazama huku na huku, hakuona mwingine wa kusema.

"Hakupiga ramli," alisema. "Nilimwuliza mwenyewe, homa ilipompungua. Alianza kwa kuwaandikia wenzake hesabu zao. Baadaye akapewa darubini, atazame na yeye. Wakaja wakampa kituo kilichotaka kufungwa, akakisimamisha. Wakampa cha pili, juu mlimani, akakijenga tangu msingi. Hapo ndipo alipoacha kutazama. Kutwa anaomba fedha serikalini, anaamua ugomvi wa mafundi, anatafuta namna ya kupandisha maji. Mkewe alifia mjini, yeye yuko kule juu, kioo cha darubini kinawekwa."

Severine alimtazama kana kwamba ndiyo kwanza anamwona.

"Aliowafundisha sasa ni wakuu wa vituo vingine," Klara akaendelea. "Siku moja aliniambia hilo linamtosha. Siku nyingine akasema halimtoshi."

"Na hizo nyota zilimwambia nini?" Pius aliuliza, taratibu.

"Umbali wake, na mwendo wake. Habari za watu hazikumwambia."

"Alikuwa akisali?"

"Rozari yake iko mkononi. Ingia umwone."

Pius aliingia, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikwenda kwa padri moja kwa moja, na kabla ya adhuhuri akarudi na ruhusa.

Walimzika siku hiyohiyo, baada ya misa fupi. Miongoni mwa waliobeba jeneza alikuwamo Nassibu, muuza vitunguu, ambaye Dokta alimrudisha zaidi ya mara moja. Hakuna aliyemwomba abebe.

Jioni Klara alikaa uani akiosha masufuria ya msibani pamoja na Sabaha, jirani yake, aliyewapikia waombolezaji tangu asubuhi.

"Hivi mzee wa watu aliipenda kazi yake?" Sabaha aliuliza.

Klara alisugua sufuria kwa majivu kwanza.

"Ile ya mwanzo aliipenda," alisema. "Ya kutazama. Ya ukuu aliifanya kwa sababu ilibidi awepo mtu."

Sabaha alimsogezea ndoo ya maji. Klara akaiweka sufuria chini, akajifunika uso kwa upindo wa kanga, akalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.