Aliyelichora Akae Chini Yake

Kwetu bonde la mto Douro, daraja la reli halifunguliwi mpaka aliyelichora akae mashuani chini yake, magarimoshi yaliyosheheni mawe yakipita juu. Siku hiyo nilimngoja Teotónio ukingoni, nimevaa nguo yangu nyeusi ya ujane, na moyo mweusi kuliko nguo.

Daraja lilichorwa na mume wangu, Belarmino. Hesabu tulipiga pamoja, supu ikipoa mezani. Alichagua chuma cha kufuliwa, maana chuma cha kumiminwa kwenye kalibu hukatika bila kuaga, na cha kufuliwa hupinda kwanza kikakuonya. Mapafu yalipomuua, mkubwa wake Teotónio, mtu wa cheo cha kubebwa na shemeji, akaandika jina lake kwenye michoro. Nilipolalamika alinicheka. "Kamenye viazi, Felismina. Marehemu hawajengi." Nikaapa atanitambua.

Sasa alikuwa ameketi mashuani na kofia mpya, bendi ikimpigia. Nikainama.

"Bwana Mhandisi, swali dogo la mjane. Ule mwisho wa magharibi mbona haukufungwa?"

Akainua macho. Upande wa mashariki ulikazwa kwa boliti nene. Magharibi, chuma chote kile kilikalia magurudumu tu, huru kuteleza.

"Nani kaacha hivi?"

"Ala! Si wewe uliyelichora?"

Juu, magarimoshi yakapiga honi. Uso wake ukageuka jivu.

"Simamisheni! Si langu! Ni la Belarmino, muulizeni yeye!" Akajitupa majini na kofia yake.

Bendi ikanyamaza. Gavana, padri na wavuna zabibu waliojaa ukingoni wote walimsikia.

"Belarmino yuko kaburini, niulize mimi," nikamwambia kwa sauti. "Jua la Agosti likija, chuma hurefuka. Ukikibana pande zote mbili, kitasukuma nguzo mpaka zipasuke. Kwa hiyo mume wangu alikiachia nafasi ya kutembea."

Nikakunja sketi, nikaingia mashuani badala yake. Magarimoshi yakapita. Daraja likalalamika, likashuka kidogo, likarudi mahali pake. Gavana akavua kofia, akaagiza jina la Belarmino lichongwe kwenye nguzo.

Nilicheka mpaka padri akageuka kando. Nilikuwa na raha, sifichi.

Teotónio alitambaa hadi ukingoni, anatetemeka, meno yanagongana, akiomba kitu cha kujifunika. Nilikuwa na shali mbili begani. Sikumpa hata moja.