Maji Kwenye Lami Kuukuu

Barabara ilinyofoka siku ya kumi na moja baada ya kumwagwa lami. Mita mia sita za barabara ya pembeni kule Al Wukair, katika nchi ya Waarabu, zilianza kubanduka chini ya magurudumu ya malori kama gamba la kidonda. Aliyeiharibu alikuwa Dedan Githinji, dereva wa tingatinga la kupakia, mtu wa Nyandarua mwenye miaka hamsini na mmoja. Waliolijua hilo walikuwa wawili tu: yeye mwenyewe na Cornelius, Mganda aliyeendesha gari la maji.

Haikuwa lami ya kawaida. Robo yake ilikuwa lami kuukuu, iliyokwanguliwa kwenye barabara za zamani, ikasagwa, ikachekechwa na kurundikwa yadini karibu na mtambo. Miaka yote kampuni ilikuwa ikienda kuitupa jangwani. Mwaka huo, 2014, wakubwa walikubali ijaribiwe kwenye kipande hicho kimoja. Kikishika, ingetumika mkataba mzima. Kisiposhika, basi.

Aliyewashawishi ni Milcah, fundi wa maabara kutoka Kakamega. Alipima, akaandika, akabisha milango ya ofisi kwa miaka miwili. Wanaume wa yadi walimwita Mama Takataka.

"Takataka hii ina akili kuwashinda," aliwajibu. "Imebeba malori miaka ishirini. Nyinyi mkibeba mfuko mmoja wa saruji mnataka panadol."

Kwa Dedan hakuwa na mzaha. Alimwita mzee, akamweleza kazi mara tatu ili aielewe. Mawe mapya hupashwa moto kupita kiasi, kisha hayo ndiyo huipasha lami kuukuu ndani ya mtambo. Ikiingia na maji, moto wote huishia kuchemsha maji, na lami haishiki mawe. Kwa hiyo kila alfajiri Milcah alichota sampuli kwenye rundo, akaikausha, akaipima, akatia sahihi kwamba ni kavu. Baada ya sahihi hiyo, rundo lilikuwa mikononi mwa Dedan.

Dedan alielewa nusu. Nusu nyingine aliijaza na ya kwao. Alikuwa ametengeneza barabara za murram, udongo wa changarawe, miaka kumi na sita, na murram bila maji ni vumbi tu. Unamwagia, unashindilia, inashikana kama ugali. Moyoni aliona huyu binti amesoma sana, lakini barabara hajaijenga.

Asubuhi ya kumwaga kipande kile, upepo wa Februari ulivuma kutoka kaskazini na rundo likawa linafuka vumbi. Sampuli ilikuwa imeshapimwa, ni kavu. Saa mbili mudiri, bosi wa mtambo, akaja mbio. Wageni walikuwa njiani na kamera zao.

"Dedan, vumbi sitaki kuliona! Fanya unavyojua!"

Dedan akampungia mkono Cornelius. "Leta maji hapa, ndugu yangu."

"Kwenye rundo la Milcah? Bwana ssebo, yule mwanamke atanichinja."

"Kidogo tu, ya kutuliza vumbi. Tena rundo litashikana vizuri."

"Nyinyi Wakenya kila kitu mnakijua."

"Si ndiyo maana Mungu aliwapa majirani? Mwaga, bwana!"

Cornelius akamwaga. Si kidogo. Wageni wakapiga picha, hapana vumbi, mudiri akatabasamu. Jua likaikausha ngozi ya juu kwa muda mfupi, ukitazama ungeapa rundo halijaona tone. Dedan alipochoma ndoo ya tingatinga ndani, aliona ni nyeusi na inateleza. Aliona vizuri. Angeweza kushuka akatembea hatua mia moja hadi maabara. Lakini malori yalikuwa yamejipanga na mudiri amesimama pale pale. Akapakia. Mtambo ukatoa mvuke mzito siku nzima.

Barabara ilipobanduka, ofisi ilitazama karatasi. Karatasi ilisema kavu. Vipande vilivyobanduka vilionyesha maji. Mvua haikunyesha. Basi aliyetia sahihi alidanganya, au hakupima kabisa. Milcah akapewa siku mbili za kujieleza.

Alimkuta Dedan anapaka grisi mashine.

"Mzee, niambie ukweli, sitakuuza. Rundo liliguswa na maji baada yangu?"

Dedan hakuinua kichwa. Alikuwa na binti mwaka wa mwisho chuoni, na kibali chake mwenyewe cha kazi kilikuwa mkononi mwa kampuni. Hizo ndizo sababu alizojipa. Sababu yenyewe ilikuwa aibu: mtu wa miaka kumi na sita barabarani, kukosea kitu alichofundishwa mara tatu.

"Maji yatoke wapi, dada? Huku hata mate ni ya kuhesabu."

Milcah akamwamini. Hapo ndipo ubaya wenyewe. Akarudi maabara kukagua mizani yake na jiko lake la kukaushia, akaanza kujishuku. Mwishowe aliandika kwa mkono wake kwamba huenda kipimo kilikuwa na kasoro. Kampuni ikamfuta kazi.

Ijumaa, siku ya mapumziko na ibada huko, kwenye uwanja wa makanisa Mesaimeer, Cornelius alimvuta Dedan kando.

"Mimi ni dereva wa maji, namwaga ninapoambiwa. Lakini wewe humwita dada, na unamwacha abebe kosa lako."

"Kesho nitasema."

"Kesho! Ndege yake ni leo jioni, mzee."

Dedan alisema Jumamosi. Aliingia ofisini kofia mkononi, akaeleza yote: gari la maji, vumbi, wageni. Mudiri alimsikiliza mpaka mwisho, maana naye alijua nani aliagiza vumbi lisionekane.

"Ripoti imekwenda. Khalas. Rudi kwenye mashine."

Akarudi. Kazi aliyopewa wiki hiyo ilikuwa kulipakia lile rundo likatupwe.

Kipande cha Al Wukair kilikwanguliwa chote, mita mia sita, kikamwagwa upya kwa mawe yaliyoletwa kwa meli. Lami kuukuu haikuingizwa tena barabarani katika mkataba ule. Lori mia tisa na kumi na mbili ziliipeleka jangwani, na zote Dedan ndiye aliyezipakia. Cornelius aliomba kuhamishiwa yadi ya Umm Salal na hakumsalimu tena. Milcah alipoteza miaka miwili ya vipimo, kazi ya miaka minne, na barua ya sifa ambayo bila hiyo maabara mbili za Nairobi zilimkataa. Dedan hakukatwa mshahara hata wa siku moja.